Kabla ya Kuomba Flagyl, Niambie Choo Kikoje

Mtu akiingia dukani kwangu akasema "nipe dawa ya tumbo", siendi kabatini. Namuuliza kwanza. Tumbo la kuendesha au la kukata tu? Limeanza lini? Choo kikoje: maji matupu, makamasi, damu? Unatapika? Una homa? Jana ulikula nini, saa ngapi, na waliokula nawe wako wazima? Na swali la mwisho, ambalo huku ziwani siliachi hata siku moja: unaingia majini?

Wapo wanaochukia. Mvuvi amekesha na dagaa, anataka vidonge vyake akalale, na mimi naanza kumuuliza habari za choo. Namsogeza pembeni ili watu wasisikie, lakini kumuuliza lazima nimuulize. Duka langu la dawa muhimu liko juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande huu wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na wanaokuja na matumbo wanakuja na magonjwa mbalimbali wakiomba dawa moja tu, Flagyl.

Flagyl, ambayo jina lake la kitaalamu ni metronidazo, ni dawa nzuri mahali pake. Inaua amiba na giadia, vijidudu vya tumboni, inaua na baadhi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa. Haigusi virusi, haigusi kichocho, haitibu taifodi, na si dawa ya kipindupindu. Mtu anakunywa vidonge viwili vitatu, tumbo linatulia kwa sababu lingetulia hata asingemeza kitu, basi anaiamini maisha yake yote. Siku ugonjwa ukiwa mwingine, anaendelea kumeza hiyohiyo nyumbani mpaka anabebwa.

Maji kwanza, jina la ugonjwa baadaye

Kwenye kuharisha, kinachoua haraka ni ukavu. Mwili unamwaga maji na chumvi kuliko unavyoingiza, damu inapungua, mtoto analegea. Kwa hiyo usingoje kujua ni mdudu gani. Choo cha kwanza cha maji kikitoka, koroga ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari.

Pakiti nyingi zinazouzwa huku ni za lita moja, ila soma nyuma ya pakiti, kwa sababu vipimo vinaweza kutofautiana. Halafu pima kweli. Chupa mbili za nusu lita zikijaa ndiyo lita moja. Ile chupa kubwa ya maji ya dukani ni lita moja na nusu. Ukiijaza, dawa inakuwa nyepesi. Ukimimina pakiti nzima kwenye chupa moja ya nusu lita, umetengeneza chumvi kali, na chumvi kali inaweza kumletea mtoto degedege. Onja kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga, koroga nyingine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, yaani robo mpaka nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka 2 hadi 10, mpe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka, na zaidi. Akitapika, watu wengi huacha na kusema "dawa imemkataa". Haijamkataa. Subiri dakika 10, anza tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, mkono unauma, lakini hicho kijiko kinafanya kazi, kwa sababu utumbo unaoharisha bado unaweza kunyonya chumvi na sukari vikienda pamoja, na maji yanavifuata.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyofutwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe kimojawapo kwa huruma. Soda haifai: sukari yake ni nyingi mno na inavuta maji kwenda utumbini, mtoto anazidi kuharisha. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo unafaa. Ziwa la mama lisikatishwe hata kidogo, na chakula kiendelee. Ile desturi ya kumfungisha mtoto ili "tumbo lipumzike" inamdhoofisha tu. Ndizi iliyopondwa, ugali laini na mchuzi wa sato, vyote sawa.

Pamoja na ORS mtoto apewe zinki: miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko chenye maji au maziwa ya mama. Akina mama wengi huacha siku ya tatu kuharisha kukikoma. Nawaomba wamalize, kwa sababu zinki inafupisha ugonjwa huu na pia inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo.

Angalia ukavu kila saa. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, kinywa kikavu, utosi wa kichanga umebonyea, nepi kavu muda mrefu. Mfinye ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu kisha achia. Ikirudi taratibu, ameishiwa maji. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, au mtoto hawezi kunywa, au amelegea hata hakutazami, huyo anahitaji dripu sasa hivi. Bodaboda, mtumbwi, chochote kilicho karibu, na kama bado anameza, endelea na kijiko njiani.

Choo cha maji

Kwa watoto wadogo, kuharisha maji kwingi kunaletwa na virusi. Cha rota ndicho kikali kuliko vyote: homa kidogo, kutapika, kisha maji mfululizo. Hakina kidonge. Chanjo yake inatolewa bure kliniki hapa Tanzania tangu 2013, matone ya mdomoni wiki ya 6 na wiki ya 10, na mama akiniletea mtoto mchanga huwa namwomba kadi niangalie.

Mkubwa aliyekula msibani au harusini mchana na jioni anatapika, huku wenzake wa sinia moja nao wanatapika, huyo mara nyingi amepatwa na sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye chakula kilichokaa kwenye sufuria bila moto. Ubwabwa unaongoza. Huanza ndani ya saa 1 hadi 6, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Antibayotiki haina la kufanya hapo. Maji na kupumzika.

Kipindupindu ni habari nyingine. Choo chake ni maji yenye weupe kama yaliyooshewa mchele, kinatoka kwa wingi wa kutisha, mara nyingi bila homa na bila tumbo kukata. Hapo ndipo kinapowadanganya watu, maana mgonjwa anasema hana maumivu. Halafu misuli ya miguu inaanza kukaza, sauti inakauka, vidole vinajikunja. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na akafa siku hiyohiyo. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika mpaka Mwanza, na kwenye kambi za uvuvi visiwani ndiko ninakoogopa zaidi, kwa sababu ya umbali. Kama uko kambini Ukerewe au Kome, weka pakiti za ORS kwenye mtumbwi pamoja na nyavu. Huna maji ya kuchemsha? Koroga na hayo yaliyopo na mgonjwa aanze kunywa. Ukavu unaua kabla ya uchafu wa maji hayo. Toa taarifa kwa mhudumu wa afya au mwenyekiti bila kuona haya. Wenye kipindupindu wakipata maji mapema, chini ya mmoja kati ya 100 ndiye anayefariki. Dawa kama doksisaiklini huongezwa kituoni, lakini anayeokoa ni yule mwenye kikombe mkononi. Nguo za mgonjwa zisifuliwe ziwani.

Dawa za kufunga choo, loperamaidi na jamaa zake, siwauzii watoto, na simuuzii mtu yeyote mwenye damu au homa. Unafunga mlango adui akiwa ndani.

Damu kwenye choo

Hapa ndipo ninapoacha kuuza na kuanza kuelekeza zahanati. Kwanza natenga bawasiri: damu nyekundu safi inayodondoka baada ya choo cha kawaida, mara nyingi kigumu. Lakini damu iliyochanganyika na choo au makamasi, kwa huku kwetu, nawaza vitu vitatu.

Imeanza ghafla, homa iko juu, mtu anaenda chooni kila mara, anajikamua na kutoka kijiko kimoja cha makamasi na damu: hiyo mara nyingi ni shigela. Bakteria wachache tu wanatosha kumwangusha mtu, ndiyo maana inapita nyumba nzima kwa mikono. Inatakiwa antibayotiki, lakini iliyochaguliwa na tabibu, kwa sababu dawa nyingi za zamani haziiwezi tena.

Imeanza polepole, homa haipo au ni ndogo, choo laini chenye makamasi na damu kwa siku nyingi: inaweza kuwa amiba. Hii ndiyo kazi ya Flagyl, baada ya kipimo, na dozi imalizwe. Ikiachwa inaweza kupanda hadi ini, ukasikia maumivu chini ya mbavu za kulia na homa. Na unapoimeza, pombe weka kando hadi siku chache baada ya kumaliza, la sivyo inaweza kukutapisha na moyo ukaenda mbio.

La tatu ni kichocho. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndilo linalosahaulika kwa watu wanaoishi nalo.

Jirani zetu wa bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi na Kwimba, wanakijua zaidi kichocho cha mkojo, kijana anakojoa damu. Cha ufukweni huku ni cha tumbo. Mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai yanapasuka, vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo walio kwenye magugu ya kingo za ziwa, vinakomaa humo, kisha vinatoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini. Hawahitaji jeraha wala hawahitaji unywe. Dakika chache zinatosha. Wanatoka zaidi mchana jua likiwa kali, saa ambayo watoto wamejaa ziwani na akina mama wanafua.

Baadaye minyoo hiyo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, wakiwa wawili wawili, dume na jike, kwa miaka. Mayai yanayokwama kwenye kuta za utumbo yanaleta tumbo la kukata na damu inayokuja na kupotea. Yanayosafirishwa hadi ini yanalijaza makovu. Mtu anaanza na uchovu na tumbo la hapa na pale. Miaka inapita, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na siku moja anatapika damu. Nimewaona wanaume waliodhaniwa wamerogwa. Kwa hiyo ukiwa mvuvi, mchota mchanga, mama wa kufua, mtoto wa kuogelea, na tumbo lako halieleweki, pima choo na taja kichocho kwa jina. Mayai hayatoki sawa kila siku. Kipimo kimoja kikisema hakuna na dalili zipo, peleka tena siku nyingine.

Tiba yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600. Kula kwanza ushibe, ndipo umeze. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuuma siku hiyo ni kawaida na hupita, na wenye minyoo mingi ndio husumbuka zaidi, kwa hiyo usiwasikilize wanaosema dawa hii ikigawiwa shuleni inaua watoto. Mjamzito anaweza kupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Dawa inaua minyoo mikubwa, michanga inaponyoka, na kurudi ziwani ni kuambukizwa upya. Ndiyo sababu mtu wa mwaloni anahitaji kumeza tena na tena kadiri mtaalamu atakavyomwelekeza. Maji ya kuoga ukiyachota na kuyaweka kwenye pipa siku mbili, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa.

Homa isiyoshuka

"Nina taifodi" nalisikia karibu kila siku. Ukimuuliza amejuaje, anasema kipimo cha damu kiitwacho Widal. Kipimo hicho cha mara moja kinaweza kukuambia unayo kumbe huna, kwa sababu damu hukumbuka maambukizi ya zamani na hata ya bakteria wengine. Cha uhakika zaidi ni kuotesha damu, kwenye hospitali kubwa zenye maabara hiyo, kabla ya kumeza antibayotiki.

Taifodi ya kweli inapanda kama ngazi: homa leo zaidi ya jana, kichwa, mwili kuchoka, tumbo kuuma, na kwa wakubwa mara nyingi choo kinagoma badala ya kuendesha. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza; ikizidi siku tatu, fuatilia taifodi. Usichezee, kwa sababu kuanzia wiki ya pili au ya tatu utumbo unaweza kutoboka. Tumbo likauma ghafla mno, likawa gumu hata kuligusa haiwezekani, hiyo ni ya upasuaji. Nenda moja kwa moja hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Vilevile maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia yanaweza kuwa kidole tumbo, na hakuna kidonge changu kinachokihusu.

Tumbo la muda mrefu

Gesi, kujaa, choo chenye mafuta na harufu mbaya kuliko kawaida, kinachoelea, wiki baada ya wiki: fikiria giadia. Mtoto mwenye kitambi, ngozi imepauka, anakula udongo: safura au minyoo mingine, na albendazo ya miligramu 400 inamtosha kwa mara moja, nusu yake kwa wa mwaka mmoja hadi miwili. Kuharisha kunakofika siku 14, pima zaidi, pamoja na VVU.

Moto wa chembe ya moyo ambao watu huuita vidonda vya tumbo nao mara nyingi una mdudu, Helicobacter pylori, ambaye Warren na Marshall walimgundua Australia na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwenye vidonda anayekunywa dawa ya kupunguza asidi miaka nenda rudi bila kupima mdudu huyo anatuliza moshi tu. Ukipimwa ukakutwa naye, tiba ni dawa zaidi ya moja kwa pamoja, siku 14 kamili. Na diklofenaki za mgongo unazomeza kila ukivuta nyavu, hizo nazo zinatoboa tumbo.

Meno ya plastiki

Naomba sana kwa hili. Mtoto wa miezi sita hivi anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, bibi anasema ana meno ya plastiki, anapelekwa kung'olewa. Kinachoonekana pale ni meno ya kawaida yaliyo bado ndani ya fizi. Mtoto wa umri huo anaharisha kwa sababu ameanza kula vyakula vingine na kutambaa, kila kitu anakipeleka mdomoni. Akichimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli anavuja damu, anapata pepopunda au maambukizi ya damu, na ule ukavu uliokuwa unammaliza unabaki palepale. Mama mkwe aheshimiwe, na ORS ikorogwe mbele yake aone mtoto anavyoamka.

Maji ya kunywa

Mjini Mwanza, kwenye nyumba zilizopanda mawe ya Mabatini na Igogo, kuchimba shimo la choo ni kupambana na jabali. Mvua zikishuka zinashuka na kila kitu hadi Mto Mirongo na ziwani, na sisi tunachota ziwa hilohilo. Maji yaliyo na tope yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha hadi yatokote kweli kwa dakika moja nzima. Vidonge vya klorini navyo vinafaa, ukiheshimu kipimo na kusubiri nusu saa, ila havimmalizi giadia, na maji ya tope yanaila klorini kabla haijafanya kazi. Kuni zikiwa shida, chupa ya plastiki angavu iliyojaa maji meupe, ilazwe juani kwa muda wa saa 6. Hifadhi kwenye dumu la mdomo mwembamba. Ndoo pana na kata inayoingia na kutoka na mikono ya watoto inaharibu kazi yote. Dagaa walioanikwa mchangani, ambako kuku na mbuzi wanapita, osha na kaanga vizuri, na watoto wasiwatafune wakavu. Wa kwenye chanja ni wasafi zaidi.

Ukienda kupima choo

Chukua kopo maabara au utumie kichupa safi kikavu chenye kifuniko. Choo kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha, kichotwe pale penye damu au makamasi, kisichanganyike na mkojo wala maji. Kipeleke kikiwa kibichi, ndani ya nusu saa ikiwezekana, kwa sababu amiba akipoa anaacha kutembea na mtu wa maabara hamtambui. Nenda kabla hujameza kitu. Kama umeshameza, sema jina la dawa na siku ulizomeza, au beba pakiti yenyewe.